Mchezo wa Kutawala Nyota: Je, Yafaa Kuununua?

Tumepokea barua kutoka Naitiri, katika nchi ya Bungoma, kwa kijana mmoja wa mji wetu ambaye kazi ya ualimu imempeleka huko bara, mbali na bahari na mbali na jamaa zake. Baada ya salamu na kuwaulizia wazee, atueleza kuwa umetoka mchezo mpya wa kompyuta, wa kutawala nyota, ambao huchezwa kwa zamu. Bei yake ni kama dola 40, yaani zaidi ya shilingi 5,000. Fedha hizo anazo, na kompyuta anayo. Lakini tangu mwezi uliopita kila akitaka kulipa mkono wake humrudi. Basi atuuliza: je, yafaa kuununua?

Barua hii iliposomwa katika darasa letu, baadhi yetu walicheka, wakasema kuwa jambo hili ni dogo mno, wala halistahili kupewa ukurasa. Sisi twaona kinyume cha hayo. Mambo makubwa humfikia mtu mara chache katika umri wake. Ama haya madogo humfikia kila siku, na kwayo ndiyo umri wenyewe huisha. Wazee wetu walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Walisema kweli, lakini hapana budi tukumbuke kuwa kibaba hicho hicho humalizika kwa haba na haba. Kijana aliyesita mbele ya shilingi 5,000 zilizo zake, akaona haya kuzitumia kabla ya kuuliza, hakutuletea upuuzi. Ametuletea swali ambalo wengi wetu tulipaswa kujiuliza zamani.

Kwanza yafaa msomaji asiyeujua mchezo huu aelezwe ulivyo. Michezo ya namna hii si mipya. Mwaka 1991 ulitoka Marekani mchezo uitwao Civilization, ambao mchezaji hujenga taifa tangu zama za kale. Na mwaka 1993 ukatoka Master of Orion, ambao ndani yake taifa hilo huenezwa katika nyota. Mchezaji huanza na sayari moja. Hupeleka jahazi la angani kutazama sayari za jirani. Akiona moja yafaa, hupeleka watu wakae. Kisha hugawanya mapato yake: haya ya viwanda, haya ya elimu, haya ya majahazi ya vita. Akimaliza kupanga hubonyeza kitufe, na kompyuta nayo hucheza zamu ya wapinzani wake. Hapo tena humrudia yeye. Hapana mbio wala wepesi wa vidole. Yatakiwa fikira na subira tu. Mchezo mmoja waweza kuchukua usiku mwingi.

Basi je, ni haramu? Mmoja wetu alijibu papo hapo kuwa ni haramu, kwa kuwa ni mchezo. Hatukuridhika na jibu hili, maana jibu la upesi si lazima liwe ndilo la ucha Mungu. Jambo hili lina mfano wake wa kale, nao ni sataranji. Mchezo huo uliwafikia Waislamu kutoka Uajemi, nao waliucheza na kuutungia vitabu. Katika zama za Khalifa al-Muktafi wa Baghdad alikuwako bwana mmoja, as-Suli, ambaye alimshinda bingwa wa baraza ya Khalifa na akabaki akitajwa kwa ustadi wake karne nyingi. Ama wanazuoni walikhitalifiana. Wengi wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali waliukataza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, kauli inayotegemewa ni kuwa ni makuruhu wala si haramu, maadamu hapana kamari, wala sala haipitwi na wakati wake, wala hapana maneno machafu. Lakini mchezo wa dado waliukaza zaidi. Baadhi yao walieleza tofauti kwa kusema kuwa katika sataranji mtu hutegemea fikira yake, na katika dado hutegemea bahati.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa kutawala nyota wakaribia sataranji kuliko dado. Hata hivyo twamwonya ndugu yetu atazame jambo moja kabla ya kulipa. Michezo mingi ya siku hizi huuza ndani yake visanduku vilivyofungwa: mtu hulipa, akafungua, akapata kitu cha thamani au akapata takataka, wala hakujua kabla yake. Nchi ya Ubelgiji, ambayo si ya Kiislamu, mwaka 2018 iliamua kuwa baadhi ya visanduku hivyo ni kamari kwa sheria yake. Mchezo wenye jambo hili na auache bila ya kuuliza tena. Usiokuwa nalo na tuendelee kuutazama.

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe, maana hapa pana mambo ambayo wanunuzi wengi hawayajui. Mtu anunuapo bao katika duka huondoka na bao. Aweza kuliuza, kulirithisha, au kumpa jirani. Ama mchezo ununuliwao kwa njia ya intaneti, katika maduka yaliyo makubwa, mnunuzi hapewi milki yake. Hupewa ruhusa ya kuutumia tu, kwa masharti ya mwenye duka. Kwa muda mrefu jambo hili lilifichwa katika maandishi madogo, hata dola ya California mwaka 2024 ikapitisha sheria ya kuwalazimisha wauzaji waliseme wazi. Kwa lugha ya fikihi, hili lakaribia kukodi kuliko kununua. Si haramu kukodi, lakini ni wajibu mtu ajue kuwa amekodi, asije akahesabu kuwa ana mali na hana.

Jambo la pili ni khiyari, yaani haki ya mnunuzi kurudisha alichonunua. Duka la Steam, ambalo ni mashuhuri katika biashara hii, tangu mwaka 2015 humruhusu mnunuzi kurudisha mchezo katika siku 14, kwa sharti asiwe ameucheza zaidi ya saa mbili. Hili ni jambo jema, na wafanya biashara wetu wa nguo na simu wangelifanya vyema kuliiga. Lakini mchezo wa zamu haujulikani kwa saa mbili. Kwa saa mbili mtu huwa bado ajifunza namna ya kupeleka jahazi lake la kwanza. Basi asiitegemee khiyari hiyo. Na asome kwanza sifa na aibu za mchezo kwa waliokwisha kuucheza. Na kama mchezo wauzwa nao haujakamilika, kwa ahadi kuwa utamalizwa baadaye, na angoje umalizwe. Kulipia ahadi ambayo sifa zake na siku yake hazikuwekwa wazi ni kuingia katika gharari.

Na jambo la tatu twalisema kwa kuwa twawajua vijana wetu: asiseme kuwa, maadamu bei ni kubwa, atatafuta nakala ya wizi. Baraza la Fikihi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa, wala si halali kuidhulumu. Asiyeweza kulipia kitu cha starehe hakulazimishwa kuwa nacho. Mwenye njaa huenda akapata udhuru wa kuchukua mkate. Ama mwenye hamu ya kutawala nyota hana udhuru.

Tukishamaliza haya, lasalia swali la fedha. Shilingi 5,000 ni nyingi au ni chache? Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza kununua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Kijana wetu akaa katika nchi ya mahindi, na majirani zake wajua vyema ni jasho kiasi gani hutoka mpaka gunia moja lijae. Basi mchezo huu ni zaidi ya gunia moja. Hatumwambii haya ili aone haya kwa kila senti. Twamwambia ili ajue uzito wa alichonacho mkononi. Israfu haina bei moja iliyoandikwa ukutani. Shilingi 5,000 kwa mtu aliyekwisha kumpelekea mama yake matumizi, akalipa kodi ya chumba, wala hana deni, zaweza kuwa starehe ya halali. Na shilingi 500 kwa mtu ambaye mama yake amekopa unga dukani ni israfu. Katika barua yake kijana huyu hakutueleza kama mama yake amepata matumizi ya mwezi huu. Labda aliona si mahali pake. Nasi twasema kuwa hapo hasa ndipo mahali pake, na jibu la nusu ya swali lake liko hapo.

Lakini fedha hupatikana tena. Lisilopatikana tena ni wakati, na juu ya wakati twataka kusema kwa urefu kidogo.

Watu wanaosifu michezo ya zamu husema kuwa ina adabu kuliko mingine: yangoja. Mchezo wa mbio na wa risasi hauwezi kuachwa, adhana ikilia, mchezaji husema, "Dakika moja, nitauawa." Ama huu, adhana ikilia, aweza kuondoka papo hapo, akatawadha, akasali, akala, akalala, na akirudi kesho atakuta nyota zake zote mahali alipoziacha. Maneno haya ni kweli, na kwa hakika ni sifa kubwa. Lakini tulipoyatazama zaidi tuliona kuwa hapo penye sifa ndipo palipo na hatari. Kitu kinachongoja hakina mwisho. Hapana anayekuambia, "Basi, tumemaliza." Mchezaji husema, "Zamu moja tu, kisha nalala." Na kila zamu huacha jambo nusu: jahazi limekaribia kufika, elimu imekaribia kukamilika. Zamu moja huzaa nyingine, hata jogoo awike.

Tazameni tofauti yake na bao la Kiswahili, linalochezwa barazani kwetu. Nalo ni mchezo wa zamu na wa fikira: mashimo 32, kete 64, namua na mtaji, na hesabu ambayo wasomi wamestaajabia. Mtu aweza kulicheza miaka hamsini asiumalize ustadi wake. Lakini bao halichezwi peke yake. Mbele yako amekaa mtu. Naye huchoka, huona njaa, huitwa na mkewe, husikia adhana na kuinuka. Jua likichwa kete hazionekani. Binadamu mwenzio ndiye kizuizi cha mchezo, na ndiye faida yake. Ukishindwa atakucheka, na ukiugua atakuja kukuzuru. Ama kompyuta hairuki zamu yake, haisinzii, wala haiitwi na mtu. Ndiyo maana mwenye kucheza nayo hana budi awe yeye mwenyewe adhana yake, na mke wake, na jua lake la kuchwa. Wachache waliweza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza ulevi wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya maradhi, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Hatusemi kuwa kila mchezaji ni mgonjwa. Hata shirika hilo halikusema hivyo. Twasema kuwa mlango huo upo, na aingiaye na ajue kuwa ameuona.

Lipo jambo jingine, nalo lilitushughulisha kuliko yote. Wapenzi wa michezo hii wameieleza kwa vitendo vinne: kuvumbua, kuenea, kuvuna na kuangamiza. Mchezaji huiona sayari, huiita tupu, huikalia, huchimba kilichomo; na jirani mdogo akisimama njiani, huondolewa. Sasa na tufikiri mchezo huu huchezwa wapi. Huchezwa Naitiri. Si mbali na hapo pana kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, ambapo mwaka 1895 Wabukusu walizingirwa katika ngome yao, wakauawa kwa silaha wasizokuwa na mfano wake. Baadaye nchi za juu za upande wa Kitale zilihesabiwa kuwa tupu, wakapewa walowezi wa Kizungu, na miongoni mwao askari waliotoka vitani mwaka 1919. Na uhuru ulipokaribia, tangu mwaka 1962, mashamba ya walowezi yalianza kununuliwa na kukatwa vipande, wakagawiwa wananchi. Na Naitiri ni katika nchi zilizokaliwa kwa mpango huo. Mwenye nyumba anayempangisha kijana wetu huenda babu yake alikuwa mmoja wa wale ambao mchezaji fulani aliiona nchi yao kuwa tupu.

Wala sisi wa pwani hatuko mbali na hayo. Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa kwa moto. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa mbali huko kwao wakapatana juu ya nchi zetu, hii yako, hii yangu, kama watu wanaomaliza zamu. Sisi tumekuwa sayari. Twajua namna inavyokuwa kuwa sayari katika mchezo wa mwingine.

Je, haya yaufanya mchezo kuwa haramu? Hapana, na tungelisema hivyo tungeliwadhulumu wengi. Sataranji nayo ni vita, na hatujasikia kuwa as-Suli aliteka mji. Tena twaambiwa, na ni kweli, kuwa katika mingi ya michezo hii mtu aweza kushinda bila ya kuangamiza. Katika Master of Orion ya 1993 mchezaji aweza kushinda kwa kuchaguliwa na baraza la mataifa kwa theluthi mbili za kura. Na katika Civilization aweza kushinda kwa elimu, kwa kuwa wa kwanza kufikisha watu katika nyota ya mbali. Basi twamshauri ndugu yetu, kama ataununua, ajiulize kila anapobonyeza: ningelikuwa mimi ni wa upande ule, zamu hii ningeliiita nini? Mchezo unaomfundisha mtu kuuliza hivyo umemfaa kitu. Na mchezo uliomfanya asiulize umemtawala yeye kabla hajatawala nyota.

Na maadamu twataja nyota, haifai tuzitaje kama kwamba ni za wageni. Nyota nyingi zijulikanazo ulimwenguni zaitwa mpaka leo kwa majina ya Kiarabu. Aldebaran maana yake ni mwenye kufuata, kwa kuwa yaifuata Kilimia; na Kilimia wakulima wetu waliijua kwa kupanda, na manahodha kwa safari. Abdurrahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota huko Isfahan mwaka 964. Na hapa pwani kwetu, Ngomeni, upande wa Malindi, Waitaliano walirusha vyombo vya angani tangu mwaka 1967. Na tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa hapo kile kilichopewa jina Uhuru, kikapima miali ya nyota isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2023 Kenya nayo ilipeleka angani chombo chake, Taifa-1. Naye kijana wetu ni mwalimu. Usiku wa Naitiri ukiwa hauna mawingu, nyota zaonekana kuliko zinavyoonekana hapa mjini penye taa. Kuwatoa wanafunzi uani akawaonyesha Kilimia na mfuasi wake hakugharimu hata senti moja, na huenda mmoja wao siku moja akarusha chombo badala ya kununua mchezo wa chombo.

Kabla ya kutoa jibu letu, hapana budi tujihukumu na sisi. Katika darasa letu, waliokuwa wakali zaidi juu ya kijana huyu ni watu ambao hawaachi mechi hata moja ya mpira wa Uingereza katika televisheni, na ambao kahawa yao ya jioni huanza baada ya Alasiri ikaisha baada ya Isha, pamoja na nyama ya watu inayoliwa hapo kwa kusengenya. Saa tatu za kutawala nyota hazimvunji mtu heshima. Saa tatu za barazani zaweza kuvunja heshima ya watu kumi. Mzee asiyehesabu saa zake hana ulimi wa kumhesabia kijana saa zake.

Na tulipoisoma barua kwa mara ya pili, mmoja wetu ambaye husema kidogo alisema hivi: "Huyu haulizi juu ya mchezo. Aliye na fedha na kompyuta, na jambo si haramu, hangojei barua yetu. Huyu atuambia kuwa usiku wa huko ni mrefu, na hana wa kukaa naye." Sote tulinyamaza. Tulitazama tarehe ya barua, tukakumbuka kuwa tangu aondoke hapana hata mmoja wetu aliyemwandikia wala kumpigia simu. Yeye ndiye aliyeanza.

Basi jibu letu ni hili. Mchezo wenyewe, ukiwa hauna kamari, si haramu. Na ununuzi wake kwa fedha ya halali wafaa, baada ya haki ya mama, ya deni na ya kodi. Lakini asiununue mwezi huu. Mwezi huu na achonge au anunue ubao wa bao, awafundishe walimu wenzake namua na mtaji, awe mmoja ni Mbukusu na mwingine ni wa kokote, wakae uani jioni. Kama baada ya mwezi mmoja bado autaka mchezo, na aununue wakati wa likizo ya skuli, aucheze siku alizojiwekea, na saa aliyojiwekea ikifika auzime kabla ya zamu haijaisha, ili ajue nani ni mtawala. Na kama baada ya mwezi mmoja ameusahau, atakuwa amekwisha kupata alichokuwa akikitafuta.

Ama sisi, juu yetu ni kumpigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Tumepangiana zamu; na zamu hii, ndugu wasomaji, twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe tusiiruke. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.